Usingoje Mazishi: Maneno kwa Kijana Asiyezungumza na Babake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, na kuandikwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Ewe kijana mwenzangu, nataka nikuulize swali moja, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe moyoni. Yuko mtu wa damu yako ambaye simu yake ikilia huipokei? Mtu ambaye ukimwona anakuja upande huu wa barabara wewe wavuka upande wa pili? Na je, mtu huyo ni babako?

Nimechagua maudhui haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa tumo katika mwezi wa Ramadhani, mwezi ambao kila mmoja wetu anatafuta msamaha wa Mola wake. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba amali za waja huonyeshwa siku ya Jumatatu na Alkhamisi, na waja wakasamehewa, isipokuwa wawili walionuniana. Wao huambiwa wangojewe mpaka wapatane. Hebu fikiria. Wafunga mchana kutwa, wasimama usiku, watoa zaka na sadaka, kisha faili yako imewekwa kando kwa sababu ya mtu mmoja ambaye nambari yake unayo kwenye simu!

Sababu ya pili ni kuwa kijana huyo asiyezungumza na babake nalikuwa mimi mwenyewe.

NYUMBA NA GITAA

Mimi nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, na wazazi wa babangu. Babu yangu, Allah amrehemu, alikuwa mwalimu wa madrasa. Watu wazima wengi wa mtaa wetu wamepitia mkono wake, na bakora yake wanaikumbuka mpaka leo. Babangu ndiye mtoto wake mkubwa wa kiume. Kama mnavyojua, mtoto mkubwa wa mwalimu huwa tayari amekatiwa kanzu yake kabla hajazaliwa.

Lakini mji wetu ni mji wenye sauti nyingi. Dirisha moja latoa Qur'ani, la pili latoa taarabu. Babangu alikua zama ambazo sauti ya Juma Bhalo na udi wa Zein l'Abdin zilikuwa zikisikika katika kila harusi. Akaingiwa na mapenzi ya nyuzi. Alianza kwa siri na udi wa rafiki yake, kisha akaingia kwenye gitaa, na mwisho akachukuliwa na bendi moja iliyokuwa ikipiga kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini, kule wanakokaa watalii.

Babu alimpa hiari: nyumba hii au gitaa. Babangu akatoka na gitaa. Mimi nalikuwa na miaka mitatu. Haukupita muda mrefu, akamwacha mamangu. Mamangu baada ya eda na baada ya muda akaolewa Malindi, nami nikabakia kwa babu na nyanya.

Sitaki nipambe maneno. Babangu hakuondoka na gitaa tu, aliondoka na wajibu wake pia. Masurufu yangu yalikuja mara mbili tatu kisha yakakatika. Nyanya alikuwa akikaanga kaimati na viazi karai, nami nikipeleka madukani kabla ya shule. Siku ya khitma yangu ya juzuu kumi, watoto wengine walisimama na baba zao. Mimi nalisimama na babu, na alhamdulillahi kwa babu. Lakini mtoto hata akiwa na babu wa dhahabu, jicho lake humtafuta babake.

Katika nyumba yetu jina la babangu lilikuwa halitajwi. Babu akitaka kumsema alikuwa akisema "yule". Nami nikajifunza kusema "yule".

Mwaka 2017 babu alifariki. Nalikuwa na miaka kumi na minne. Tulipofika makaburini nikamwona mtu amesimama nyuma kabisa ya watu, karibu na ukuta, amevaa kanzu iliyokunjika kama iliyotolewa sandukuni asubuhi ile. Hakuna aliyemwita asogee mbele. Mwana mkubwa wa maiti, na watu wa mtaa ndio waliomteremsha babake kaburini! Tulipomaliza akaja akanipa mkono, akasema, "Allah awape subira." Nami nikamjibu kama ninavyomjibu mpita njia. Tukaachana.

Nataka uishike picha hiyo mpaka mwisho wa mazungumzo haya. Mtu amesimama nyuma, karibu na ukuta, kwenye mazishi ya babake. Baba na mwana wale walikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kupatana, na wote wawili walikuwa wakiishi Mombasa hiihii. Kutoka Mji wa Kale hadi Bamburi si safari. Ni matatu moja, pengine mbili.

RAMADHANI YA MILANGO KUFUNGWA

Sote twaikumbuka Ramadhani ya mwaka 2020. Maradhi ya korona yalikuwa yameingia nchini mwezi wa Machi. Shule zikafungwa, misikiti ikafungwa, mahoteli yakafungwa. Tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Mombasa ikafungiwa kuingia na kutoka. Tukafunga Ramadhani bila ya tarawehe misikitini, jambo ambalo wazee wetu walisema hawakuwahi kuliona.

Tarehe 6 Mei, siku ya Jumatano, babangu alikuja nyumbani kwetu alasiri. Alikuwa amesikia kwamba nyanya presha imempanda, akamletea dawa, tende na unga. Mimi nikamfungulia mlango, nikampisha, nikarudi chumbani kwangu. Nilikusudia nisitoke mpaka aondoke.

Basi jioni ile ile Serikali ikatangaza kwamba Mji wa Kale umefungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, kuanzia saa moja ya usiku. Babangu akawa amenaswa ndani ya nyumba aliyofukuzwa. Nyanya aliposikia habari hiyo alisema neno moja tu: "Alhamdulillah." Mimi nikadhani hakufahamu!

Siku za mwanzo tuliishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Yeye alilala ukumbini juu ya mkeka. Wakati wa futari nilimtilia uji, nikamsogezea sahani ya mbaazi na mahamri, bila ya neno. Sikujua nimwite nani. "Baba" neno lilikuwa halitoki, na "wewe" nyanya asingeniachia. Kwa hivyo sikumwita kabisa. Nikitaka kumwambia kitu nalimwambia nyanya, na nyanya akamwambia yeye, ilhali tumekaa sinia moja!

Tarawehe tulikuwa tukisali nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikisalisha, kwa kuwa ndiye niliyehifadhi, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Na wallahi, nawaambia haya nikiona haya, nilikuwa nikisalisha kwa kiburi. Nilikuwa nikirefusha sura makusudi, ili "yule" asimame ajue kwamba mtoto aliyemwacha amekuwa nani bila ya msaada wake. Yeye alisimama kuliani kwangu, kama ilivyo sunna kwa maamuma mmoja mwanamume, na nyanya nyuma yetu kwenye kiti chake.

Usiku mmoja nikaingia Surat Maryam. Wanaoijua sura hiyo wanajua pale Nabii Ibrahim (A.S.) anapozungumza na babake. Anamwita mara nne mfululizo, kila mara kwa neno lile lile la mapenzi na heshima, "ewe babangu". Sasa wenye kuhifadhi mnajua, aya zinazoanza sawasawa ndizo zinazomwangusha mtu. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili, nikakwama. Nikarudi nyuma nikaanza tena, nikakwama palepale. Nyumba kimya. Jasho likanitoka.

Kisha nikasikia sauti ya chini, kuliani kwangu, ikinikumbusha. Neno kwa neno, makharij yake sawa, na lahani ile ile ya babu. Kama si kuwa nimo ndani ya sala ningedhani babu amerudi.

Nikaipokea aya, nikaendelea mpaka mwisho. Nilipotoa salamu sikumtazama. Nyuma yetu nyanya alikuwa analia.

Wakati wa daku nilimtilia chai, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza swali. "Ulihifadhi wapi?"

Akacheka kidogo. "Kwa babu yako, kwa bakora. Nyingine nyingi zimeniponyoka, lakini Maryam imebaki. Na pale ulipokwama, ndipo nami nalikuwa nikikwama kila siku."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa namjua mtu huyu kwa jambo moja tu, gitaa. Sikujua kwamba tulikuwa tunakwama katika aya moja.

TULIYOYAZUNGUMZA

Kuanzia usiku ule, kila baada ya daku mpaka adhana ya alfajiri, tulizungumza. Sikwambii kwamba yote yalikuwa mazuri. Mengine yalikuwa machungu.

Alinieleza kazi yake. Bendi za hoteli hulipwa kwa usiku. Watalii wakija mnakula, watalii wasipokuja hakuna kitu. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008 watalii walitoweka. Walipoanza kurudi, yakaja mashambulizi ya kigaidi ya miaka iliyofuata, wakatoweka tena. Sasa korona. Nikamwambia, "Hata watalii wasipokuja, mtoto hula." Akanyamaza. Kisha akasema, "Kweli." Hakuongeza neno. Na lile "kweli" moja lilinifaa zaidi kuliko saa nzima ya kujitetea.

Nikamuuliza lile lililokuwa likiniuma zaidi. "Mbona hukuja kunitazama?"

Akasema, "Nalikuwa naona haya. Mwaka wa kwanza haya ilikuwa ndogo ningeweza kuibeba. Kila mwaka ukipita ikawa inazidi uzito. Mwisho nikaona aheri nisije kuliko kuja mikono mitupu."

Kisha akaniambia kwamba mwezi wa mfungo sita, siku za zefe la maulidi, alikuwa akija mjini, akisimama vibarazani mwa maduka kunitazama nikipita na madrasa yetu. Akanitajia mwaka niliokuwa nimebeba bendera, na mwaka niliokuwa safu ya matari. Yote mawili yalikuwa kweli.

Ewe kijana, hapa nataka ufahamu jambo. Kuna baba asiyekuja kwa sababu hakutaki, na kuna baba asiyekuja kwa sababu anaona haya. Wewe ukiwa mbali huwezi kuwatofautisha, kwa sababu wote wawili hawaji. Utawajua pale tu mtakapokaa.

DINI YETU INASEMAJE?

Wako watakaosema, "Lakini huyo alikuwa mwanamuziki, na dini imekataza kushirikiana na maasi." Sikuja hapa kutoa fatwa juu ya muziki, si kazi ya mwanafunzi kama mimi. Mnajua kwamba jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne wameharamisha ala za nyuzi, na wako kama Ibn Hazm walioruhusu. Mimi nimesimama na nilichofundishwa na walimu wangu. Lakini swali la leo si "gitaa ni halali au haramu?" Swali ni, "Je, gitaa linakata damu?"

Tazama Surat Luqman. Allah (S.W.) ametuamrisha kwamba wazazi wakitushurutisha kumshirikisha Yeye tusiwatii, lakini papo hapo akatuamrisha tukae nao duniani kwa wema. Shirki ndiyo dhambi kubwa kuliko zote, na hata hiyo haikuondoa wema kwa mzazi. Basi nyuzi sita zitauondoa vipi?

Tazama Asmaa binti Abubakar (R.A.). Mamake alimjia Madina naye ni mshirikina, wakati wa mapatano ya Waislamu na Makureshi. Akamwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza, je, amuunge? Mtume akamwamrisha amuunge mamake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tazama Nabii Ibrahim (A.S.), ambaye babake alimtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Yeye aliondoka kwa kutoa salamu na kuahidi kumwombea. Hakurusha tusi wala hakubamiza mlango.

Na nyinyi wazazi, tazameni kwa Nabii Nuhu (A.S.). Alimwita mwanawe mpaka dakika ya mwisho, maji yanapanda naye anaita, hata wimbi likaingia kati yao. Nabii Yaakub (A.S.) alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yakafanya weupe, na hakuwaambia watu wa nyumba yake kwamba jina hilo lisitajwe. Mimi nampenda babu yangu na kila nilichonacho cha dini ni kwake. Lakini katika jambo hili nadhani alikosea, na namwombea Allah amsamehe. Kumwambia mtoto "unachofanya sikiridhii" ni malezi. Kumwambia "hapa si kwenu" ni kumtupa nje ambako hakuna wa kumnasihi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Bukhari, kwamba mwenye kuunga udugu hasa si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye akikatwa huunga. Huo ndio mtihani. Ukingoja yeye aanze, utakuwa umelipa deni tu, hujaunga kitu.

GITAA LILILORUDI NYUMBANI

Nitawapa mfano wa mtu mnayemjua kwa kaswida zake, Yusuf Islam wa Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1948, na kabla ya Uislamu alijulikana dunia nzima kwa jina la Cat Stevens. Nduguye alimpa msahafu, akausoma, akasilimu mwaka 1977. Akaacha muziki, akauza magitaa yake, na mwaka 1983 akaanzisha shule ya watoto wa Kiislamu mjini London. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakugusa gitaa.

Kisha mwanawe Muhammad, aliyekuwa ashakuwa kijana, akaleta gitaa nyumbani. Hebu fikiria baba aliyeuza yake kwa ajili ya dini, analiona gitaa limeingia tena nyumbani mwake kupitia mlango wa mwanawe! Angeweza kusema, "Nyumba hii au gitaa." Hakusema. Gitaa likakaa nyumbani, na siku moja baba mwenyewe akalishika, na mwaka 2006 akatoa albamu yake ya kurudi. Wako wanavyuoni waliomlaumu na wako waliomuunga mkono, na hilo nawaachia wao. Mimi natazama jambo moja tu. Baba yule na mwana yule hawakupotezana. Nyumbani kwetu gitaa lilikuwa ukuta, kwao lilikuwa mlango. Mbao ni zile zile na nyuzi ni zile zile.

NINI CHA KUFANYA?

Maneno bila ya vitendo ni kelele. Kwa hivyo nimekuja na mambo machache niliyojifunza kwa kuyapitia.

Kwanza, anza na salamu. Usianze na hesabu. Tuma ujumbe mfupi: "Assalaam alaykum, Ramadhani Mubarak." Usiandike zaidi ya hapo. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni anayeanza salamu.

Pili, fanyeni jambo pamoja kabla ya kuzungumza mambo mazito. Sisi tulisali. Nyinyi labda mtatengeneza baiskeli, mtakwenda sokoni, mtavua samaki. Watu wawili wanaotazamana uso kwa uso wana mengi ya kuogopa. Wanaotazama upande mmoja husahau kuogopa.

Tatu, sema lililokuuma, lakini lisemwe ukiwa umekaa. Nilimwambia babangu msimamo wangu juu ya kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo babu yako aliniambia amesimama na bakora. Wewe umeniambia umekaa. Nimekusikia." Sikwambii kwamba aliacha siku ya pili. Mpaka leo anapiga, ingawa si kila mahali anapoitwa anakwenda tena, na Ramadhani haligusi. Mimi namwombea dua, naye anajua kwamba namwombea dua.

Nne, usilazimishe moyo wako. Mimi nilisema "nimekusamehe" siku ya Idd, tumekaa ukumbini kwa kuwa hata Sala ya Idd ya jamaa haikuwepo. Ulimi ulisema, moyo ukachelewa. Ulichukua kama miaka miwili kuufikia ulimi. Hiyo si unafiki, ni safari. Muhimu umeanza.

Tano, usimkosee mamako kwa ajili ya kumpata babako. Mimi nilimpigia mamangu simu Malindi nikamweleza kila kitu. Alinyamaza, kisha akasema, "Ni babako, mwende. Lakini usinitake nami nisahau." Ni haki yake. Aliyebeba mzigo peke yake asiambiwe kwamba mzigo haukuwa mzito.

Sita, ikiwa baba aliondoka kwa kupiga watu au kwa kudhuru, usiende peke yako. Nenda na mzee wa ukoo au imamu wa mtaa. Kuunga udugu si kujitia hatarini. Salamu ya mbali nayo ni kuunga.

Na nyinyi akina baba, niwieni radhi kwa kuwa mimi ni mtoto wenu. Talaka inavunja ndoa, haivunji ubaba. Masurufu ya mtoto ni wajibu wenu katika sheria ya dini. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, nayo imesema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili yetu. Lakini hata kabla ya Kadhi, njoo. Njoo mikono mitupu. Mtoto haangalii mikono, anaangalia mlango. Babangu alidhani mimi nangojea pesa. Zingenifaa, sikatai. Lakini siku ya zefe, lau angetoka pale kibarazani akanishika bega, ningetembea mji mzima nikijitapa.

NAMALIZIA

Mwaka 2023 nyanya yetu alifariki, Allah amrehemu. Safari hii babangu hakusimama nyuma. Tulishuka kaburini sote wawili, yeye upande wa kichwa nami upande wa miguu, tukampokea na kumlaza. Tulipotoka, kanzu zetu zote zimejaa udongo, akanipangusa bega. Nami nikamwita, "Baba, twende." Neno ambalo lilikuwa halitoki.

Ndipo nikafahamu ile Alhamdulillah ya nyanya, siku uliyofungwa mji.

Lakini babu hakuliona hilo. Alikufa na "yule" ulimini, na babangu hajapata mtu wa kumwomba radhi. Huenda makaburini siku za Ijumaa asubuhi, akasimama, akasoma Maryam. Mimi humwona. Hapana neno ninaloweza kumwambia hapo.

Kwa hivyo, ewe ndugu yangu, ewe dada yangu, usingoje korona nyingine ikufungie mlango, na usingoje mazishi. Futari umeshakula, simu unayo mfukoni. Kabla ya tarawehe ya leo andika salamu ile, utume. Asipojibu, umeshaandikiwa yako. Na akijibu, basi uje mwaka ujao utueleze na sisi.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na wazazi wetu, warehemu kama walivyotulea udogoni, na waliokuwa mbali na watoto wao uwakurubishe kabla ya mauti. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.